Gari inachemsha nikipanda mlima Kitonga, mjini iko poa kabisa. Fundi kasema ninunue injini, naombeni ushauri

MkweWaKihehe

Wakuu kwema? Mimi kwenye mambo ya magari ni mtu wa kupita na kusoma tu, naondoka kimya kimya, ila leo yamenikuta na mimi.

Mwezi wa pili mwaka huu nilinunua SUV mkononi kwa mtu, namba D ya katikati, ya mwaka 2008, petroli cc 1990, silinda nne, otomatiki. Jina la gari sitaji, nawajua, mtaanza vita vya timu nani na timu nani halafu shida yangu mnaisahau. Dashibodi inasoma kilomita 121,000. Nilienda na fundi wa mtaani kwetu kuikagua, akaizunguka, akapiga stata, akaweka sikio kwenye boneti akasema injini imetulia chukua. Nikachukua.

Mjini haijawahi kunisumbua. Mbagala Posta kila siku, foleni yote ile ya asubuhi AC inawaka, mshale wa joto umekaa pale pale katikati kama umepigwa msumari. Kitu pekee nilichokuwa nakiona ni maji, kile kichupa cha akiba kinashuka, kila baada ya wiki mbili naongeza kama nusu lita, na chini ya gari hakuna hata tone. Nikajisemea gari ya mtumba ina tabia zake, maisha yakaendelea.

Sasa mama mkwe alikuwa kaja Dar kumuuguza mwanae aliyejifungua, siku 40 zimeisha, nikasema kwa heshima alizotupa siwezi kumpakia basi, namrudisha Iringa mwenyewe. Tumetoka alfajiri, Chalinze, Moro, Mikumi tumepita vizuri tena taratibu maana mnajua faini za pale mbugani. Ruaha Mbuyuni tukasimama mama akanunua vitunguu gunia zima. Tunaanza kupanda Kitonga, mbele kuna semi mbili za Tunduma zinapanda mwendo wa kobe, kuovateki pale ni kujitafutia kaburi, kwa hiyo niko nyuma yao gia ya kwanza ya pili, AC imewaka. Kona ya nne ya tano hivi naona gari imekuwa nzito, nakanyaga haiitiki. Mama akasema kwa sauti ya chini kutoka siti ya nyuma, "Baba, mbona kama kuna sukari inaungua?" Na kweli, harufu tamu tamu imejaa ndani. Kuangalia mshale uko kwenye H umelala kabisa.

Nikaegesha pembeni, mvuke kama tunapika makande. Nikakaa saa nzima na nusu, nikajaza maji ya kunywa chupa sita, nikajikongoja. Iringa fundi wa kwanza hata hakufungua kitu, kaangalia kasema hedi (kile kipande cha juu cha injini kinachofunika silinda) imeshapinda, injini hii haina maisha, nunua nyingine ya mtumba, na kufunga juu ni milioni 3.8. Nimerudi Dar nikiwa peke yangu bila AC, mwendo wa 80, haikuchemsha hata kidogo!

Maswali yangu: kweli ni injini? Na kama ni injini mbona mjini haichemshi? Na mbona taa ya injini kwenye dashibodi haijawahi kuwaka hata siku moja tangu niinunue? Hicho ndo kinanichanganya zaidi. Nawasilisha.


Jogoo la Tandale

Pole mkuu. Hilo dogo sana. Toa themostati, hizo wazungu na Wajapani wameweka kwa ajili ya baridi yao, huku kwetu joto la nini tena. Mimi gari zangu zote tatu nilitoa. Na oili achana na hizo nyembamba kama maji, weka nzito, gari za zamani zinataka oili nzito. Kitonga utapanda unaimba.


SpanaKumi

Jogoo ndugu yangu nakuheshimu lakini ushauri huu ndo unatulisha sisi mafundi, endelea kuutoa.

Themostati haipo pale kwa ajili ya baridi ya Japani. Ni kama mlango wa maji unaofunguka yakipata moto, kazi yake ni kuifanya injini ikae kwenye joto lake, nyingi ni nyuzi 82 mpaka 95 hivi, haijalishi uko Makete au uko Mbagala. Ukiitoa, kompyuta ya gari inaona injini haijapata moto basi inaendelea kumwaga mafuta kama asubuhi, unalalamika gari inakunywa, mafuta mengine yanashuka kwenye oili yanaiharibu. Halafu kuna injini nyingi zile themostati zake zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukitoa kitu chote, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta ikapoa. Barabara ya tambarare hutaona kitu. Weka mlima sasa, mzigo, na AC. Kwa hiyo unatoa themostati ili isichemshe na ndo unaifanya ichemshe, nimeshaziona nyingi.

Mkwe sasa twende kwako. Mambo mawili umeyasema kama utani na ndo yenye kesi. La kwanza maji yanapungua na chini hakuna tone. Maji hayaendi mbinguni. Kama hayamwagiki nje basi mara nyingi yanaingia ndani ya silinda, yanageuka mvuke yanatoka na moshi. La pili kwamba inachemsha kwenye mlima tu. Hedi gasketi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na injini ya chini, ikianza kuachia kidogo, mjini injini haifanyi kazi kubwa, presha ndani ya silinda ni ndogo, inavumilia. Ukiipandisha Kitonga nyuma ya semi, presha inakuwa kubwa, gesi ya moto inapenya pale palipoachia inaingia kwenye njia za maji, inayasukuma maji nje, na mahali penye gesi hapapoi. Ukishuka, imetulia tena kama haijafanya kitu.

Lakini sisemi ni gasketi. Inaweza kuwa rejeta imeziba, feni haivuti vizuri, pampu ya maji imekula mapanga yake, hata kifuniko. Usinunue injini kwa maneno ya mtu ambaye hajafungua hata bolti moja. Fanya hivi kesho asubuhi kabla hujawasha gari, ikiwa ya baridi kabisa, shika ile hosi kubwa ya juu ya rejeta uiminye. Gari imelala usiku mzima inatakiwa iwe laini. Ikiwa ngumu kama imejazwa upepo njoo uniambie. Halafu fungua kifuniko cha rejeta, IKIWA YA BARIDI, narudia ikiwa ya baridi, nina alama ya mkononi mpaka leo ya mwaka 2011, mwambie mtu apige stata uangalie kama kuna mapovu yanakuja mfululizo. Chomoa na kijiti cha oili, angalia na chini ya kifuniko cha oili kama kuna kitu kama chai ya maziwa.

Na moshi. Hapa Dar hakuna baridi ya kufanya gari itoe mvuke mweupe asubuhi. Makambako sawa, kila gari inatoa. Ya Mbagala ikitoa mvuke mweupe dakika tano nzima, hayo ni maji.

Swali la mwisho na nataka jibu la kweli: ukiweka swichi kwenye ON kabla hujapiga stata, ile taa ya injini INAWAKA?


PwaniDamu

Pole sana ndugu yangu, na mama naye mpe pole. Mimi niko Mombasa, huku mlima wetu ni ule wa kupanda Mazeras ukitoka mjini, si mkubwa kama wenu lakini malori ni yale yale.

Spana kasema yote, mie naongeza kifuniko cha rejeta maana watu wanakidharau. Kile si kifuniko cha sufuria. Kina springi, kimeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, hiyo ndiyo presha inayozuia maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Springi ikilegea au mpira ukikatika, maji yanachemka mapema. Na nyinyi mnapanda juu. Maji ya wazi huku pwani yanachemka nyuzi 100, Iringa iko zaidi ya mita 1,500, kule maji ya wazi yanachemka kwenye 95 hivi. Kwa hiyo kifuniko kibovu unachotembea nacho Dar mwaka mzima bila kujua, kule juu kinakuaibisha.

Na jingine, maji gani mnatia? Huku watu wanatia maji ya kisima, ya chumvi, wallahi nimeona rejeta imefunguliwa ndani imeota kama jiko la chai lililokaa miaka kumi. Alumini na chumvi haviwi marafiki.

Ikikutokea tena uko mlimani na huna pa kuegesha: zima AC, fungua madirisha, washa hita ya ndani mpaka mwisho na feni yake yote. Mtaungua miguu lakini ile hita ni kama rejeta ndogo ya pili, inatoa joto kwenye injini mpaka upate pa kusimama.


Mama Nasra

Mkwe mimi gari yako naijua hata kama hujaitaja, cc 1990 ya 2008 otomatiki hahaha, ninayo mwaka wa tatu huu. Yangu haijawahi kuchemsha ila ilinitoa jasho upande wa oili, acha niseme inaweza kumsaidia mwingine anayetafuta kununua.

Ilianza na kelele ya asubuhi, ukiwasha inapiga kraaaa sekunde mbili halafu kimya. Fundi wa kwanza kasema kawaida. Fundi wa pili kasema injini mount. Nikabadilisha mount zote nne, kelele iko pale pale. Halafu ikaanza kumiss, yaani injini inakatakata, nikabadilisha plagi, nikabadilisha koili mbili, moja ilikuwa feki ikafa ndani ya wiki tatu, yaani nilikuwa nabadilisha vitu kama nabadilisha nguo. Siku moja niko sheli natia mafuta yule kijana akaniambia mama nikuangalizie oili? Nikasema haya. Akachomoa kijiti, KIKAVU. Hakuna oili kabisa na taa haijawaka! Nilikuwa nimebadilisha oili miezi miwili tu nyuma.

Kumbe inakula oili, karibu lita moja kila kilomita elfu moja. Na ile kelele ni taimingi cheni, ule mnyororo wa ndani ya injini, kile kinachokaza cheni kinategemea presha ya oili, oili ikipungua cheni inalegea inagonga mpaka presha ipande. Kufungua kifuniko cha juu ndani tope jeusi kama lami, aliyekuwa nayo mwanzo alikuwa habadilishi oili kwa wakati, ringi za pistoni zimegandia. Nilibadilisha cheni na kikazio chake, na kale kavalvu kadogo ka PCV kanakorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, ambako kalikuwa bei ndogo kuliko vyote na kalipunguza ulaji nusu nzima, kama kuna kitu najuta ni kutokuanza na hako. Siku hizi nabadilisha oili kila kilomita 5,000 na kila Jumamosi watoto wakiosha gari mimi nachomoa kijiti. Bado inakula ila kidogo.

Jogoo samahani, oili nzito niliijaribu, ulaji haukupungua na kelele ya asubuhi iliongezeka.


Dalali Mpole

Injini zipo mkuu, kutoka Dubai, safi, na gia boksi yake. Karibu.


Jogoo la Tandale

Haya mimi nimekaa pembeni naangalia. Ila gari zangu zote tatu zinatembea.


SpanaKumi

Zinakunywa kiasi gani Jogoo? Usijibu.


MkweWaKihehe

Wakuu nimerudi na nimechoka.

Hosi asubuhi ngumu kama gogo. Nimeiminya kwa vidole viwili haiingii. Nikafungua kifuniko taratibu na kitambaa ikapiga fsssss wakati gari imelala toka saa mbili usiku. Tukapiga stata, mapovu yanakuja, sio mengi, bluk... bluk... kama mtu anapuliza mrija kwenye soda. Kijiti cha oili kisafi, hakuna chai ya maziwa. Mvuke mweupe upo kidogo kama dakika mbili tatu, nilikuwa nauona siku zote nikajua ni umande.

Sasa Spana kuhusu taa. Nimeweka ON. Taa ya betri inawaka, ya oili inawaka, ABS inawaka, mkanda unawaka. Ya injini HAIWAKI. Kabisa. Nimerudia mara kumi nimemwita na mke wangu aangalie. Ina maana gani?


SpanaKumi

Ina maana umeuziwa gari iliyozibwa mdomo.

Taa zote zile zinatakiwa ziwake ukiweka ON, gari inajikagua, ukipiga stata ndo zinazimika. Ya injini isipowaka pale, ama taa yenyewe imekufa ama mtu kaifanyia kazi asiyetaka uione. Hiki ndo kitu cha kwanza mtu anatakiwa aangalie akienda kununua gari, kabla ya rangi na kabla ya muziki, na ni bure, na fundi wako aliyeweka sikio kwenye boneti hakukiangalia.

Sasa nenda Kariakoo nunua kile kidude cha OBD cha bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, elfu 25 mpaka 35, unakichomeka chini ya usukani unasoma kwenye simu. Soma kodi zote, yaani zile namba za hitilafu, uziandike hapa. Halafu kiache kikuonyeshe joto la maji ukiwa unaendesha, usiamini mshale. Mishale ya gari za siku hizi imetengenezwa imtulize dereva, injini ikiwa 75 mshale katikati, ikiwa 105 mshale bado katikati. Ukiuona umesogea ujue sherehe ilishaanza zamani.


Kondakta Mstaafu

Naingilia kidogo. Mkwe una makaratasi ya gari? Kwenye yale ya kutoka Japani kuna cheti cha kusafirishia gari, kina kilomita zilizoandikwa mara ya mwisho ilipokaguliwa kule. Linganisha na dashibodi yako.

Na kwa faida ya wengine, mimi yangu ilikuwa inazimika tu ghafla ikipata moto, kwenye mataa, ukipiga stata inazunguka haiwaki, ukisubiri dakika ishirini inawaka kama hakuna kilichotokea. Nilibadilisha pampu ya mafuta bure, kumbe sensa ya krenki, ile inayosoma injini inavyozunguka, kodi P0335. Ikipata moto inakufa ikipoa inafufuka. Basi, endeleeni.


MkweWaKihehe

Kondakta umeniua. Cheti nilikuwa nacho kwenye bahasha tangu siku ya kwanza sikuwahi hata kukisoma. Kimeandikwa kilomita 143,000. Mwaka 2015. Dashibodi yangu leo 121,000. Yaani gari imetembea Tanzania miaka yote hii kinyumenyume.

Kidude nimenunua elfu 30. Kodi zimetoka tatu: P0128, P0420, na P0303. Joto nimeangalia siku mbili. Barabara nyeupe asubuhi Kilwa Road inakaa 68 mpaka 71, haipandi zaidi ya hapo. Foleni ya jioni na AC ikapanda 98, 101, 104, na mshale Spana ulivyosema, katikati, hausogei hata unywele. Nilizima AC mwenyewe kwa woga.


SpanaKumi

Umeona sasa ilivyojieleza yenyewe.

P0128 ni injini haifikii joto lake. Na 68 barabarani ndo hiyo hiyo. Themostati haipo, nakuwekea soda. Kuna mtu gari ilimchemshia, akafuata ushauri wa Jogoo, akaitoa. P0303 silinda ya tatu inamiss, hapo ndo nadhani maji yanaingia. P0420 ni ile katalisti ya kwenye eksozi, inayosafisha moshi, imechoka, kunywa maji na mafuta mengi kwa muda mrefu kunaichosha, iweke pembeni kwanza.

Kabla ya kufungua hedi tafuta gereji yenye kile kichupa cha dawa ya bluu, kinakaa juu ya mdomo wa rejeta kinavuta hewa ya pale. Kama gesi ya silinda inaingia kwenye maji ile bluu inageuka njano. Dakika kumi tu. Ikigeuka fungua, na usikubali mambo haya: hedi irudishwe bila kupimwa kwa rula ya chuma na fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), bolti za hedi za zamani zirudishwe, na mtu akaze kwa hisia. Akaze kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa kitabu. Akikwambia mkono wake una uzoefu wa miaka ishirini mwambie mkono wako una milioni moja na nusu.


Mama Nasra

Hahaha Spana jamani. Mkwe tunasubiri mrejesho, usipotee kama wengine wanatatuliwa shida wanatokomea.


MkweWaKihehe

MREJESHO. Samahanini, wiki tatu zimepita, gari ilikuwa chini na mimi nilikuwa kwenye daladala nikitafakari.

Ile dawa ya bluu iligeuka njano ndani ya dakika mbili, hata kumi haikufika. Tukafungua. Nimekaa pale gereji siku zote nne kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, nimeona kila kitu kwa macho.

Themostati: haipo. Kwenye nyumba yake kuna nafasi tu na gundi nyekundu imepakwa pembeni. Spana soda yako nitakutumia.

Hedi gasketi imeachia kati ya silinda ya tatu na njia ya maji, sehemu ndogo kama upana wa njiti ya kiberiti, pistoni ya tatu juu yake safi inang'aa wakati zile tatu ni nyeusi. Fundi kasema ndo dalili, maji yanaiosha kila siku. Hedi ilipowekwa rula, fila geji ya milimita 0.15 ikapita bila kusumbua, kitabu kinaruhusu 0.05. Imeenda kuskimiwa, yaani kusawazishwa kwa mashine, na kwa unene wake inaonekana ndo mara ya kwanza, bahati yangu.

Rejeta ndo ilinisikitisha. Walipong'oa tenki la chini vimirija zaidi ya nusu vimezibwa na kitu cha kahawia kama ugoro uliolowa, fundi kakisugua na kidole kanusa kasema hii dawa ya kuziba mtu kamwaga humu ndani, pamoja na kutu. Kwa hiyo picha ninavyoiona mimi, rejeta ilianza kuziba, ikachemsha, wakatoa themostati, ikachemsha tena gasketi ikaachia, wakamwaga dawa, rejeta ikaziba zaidi, wakajaza kulanti (yale maji ya rangi ya kupozea injini) mpya ya kijani juu inayonukia vizuri, wakaiosha gari, wakaniuzia.

Na taa. Fundi wa umeme alifungua dashibodi mbele yangu. Nyuma ya ule mchoro wa injini kuna kipande cha selotepu nyeusi ya umeme, kimekatwa vizuri na mkasi, mraba, ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Hata hakikuwa kimekunjamana. Mtu alikaa akatulia akakipima. Nimekihifadhi kwenye pochi sijui kwa nini.

Gharama kwa wanaotaka kujua: kuskimu 90,000, seti ya gasketi 260,000, bolti za hedi 120,000, rejeta mpya 350,000, themostati 65,000, kifuniko 25,000, kulanti 110,000, oili na filta 130,000, ufundi 400,000. Jumla 1,550,000. Bado ni hela nyingi lakini sio 3.8.

Aliyeniuzia nilimpigia. Kasema, nanukuu, "mbona mimi ilikuwa hainisumbui." Nikakata simu.

Juzi Jumamosi nimeenda nayo mpaka Kitonga kwa makusudi, peke yangu. Nikasubiri pale chini mpaka semi ikapita nikaifuata nyuma, AC imewaka, simu iko kwenye dashibodi inasoma joto. 88. 90. 91. Kona ile ya sukari nikapita na 92. Pale Ilula nikasimama nikanunua nyanya tenga moja ambazo hata sikuwa nazihitaji. Mafuta sasa inakula kidogo kuliko zamani, sijapima vizuri ila tenki linanifikisha Alhamisi badala ya Jumatano.


Jogoo la Tandale

Hongera mkuu. Hiyo themostati umenunua wapi? Naulizia rafiki yangu.


SpanaKumi

Jogoo njoo tu na gari zote tatu nitakupa bei ya jumla.


PwaniDamu

Alhamdulillahi. Ila ndugu yangu hujatuambia mama mkwe siku ile alifikaje.


MkweWaKihehe

Aisee. Baada ya nusu saa pale pembeni ya barabara alishuka, akafunga kanga vizuri, akasimamisha basi mwenyewe, akaniambia baba mimi natangulia nikawapikie. Alishuka Ipogolo saa kumi na mbili jioni, mimi nimeingia saa nne usiku na gunia lake la vitunguu. Mwezi wa tatu anakuja tena Dar. Nimempigia kumwambia gari imepona nitamfuata, kasema sawa baba, ila tiketi ameshakata.